Kofia Iliyokaribisha Kila Mtu

Nilistaafu mwezi uliopita. Vijana wa kitengo walinifanyia sherehe, wakanipa feni ya kusimama na doti mbili za khanga, kisha wakaniomba niwaandikie yale mambo ya kazi ambayo hayamo kwenye kitabu cha mashine. Nimekubali, maana hayo ni mengi. Kitabu cha mashine kiliandikwa na watu walioamini wanajua inavyofanya kazi.

Habari za vyeo na mishahara naziacha. Anayezitaka aende masjala, na akirudi anacheka aje anisimulie.

Kwa atakayesoma bila kuwahi kufika kwetu, Kitengo cha Usikivu kiko Temeke, kwenye jengo lililowahi kuwa ghala la magodoro. Tunawasikiliza wagonjwa wasioweza kusema: waliopigwa na kiharusi, walioanguka na bodaboda, waliolala macho wazi na hakuna ajuaye wako wapi. Mgonjwa anavalishwa kofia yenye vitufe vya shaba vinavyogusa ngozi ya kichwa, nyaya zinaingia kwenye mashine yenye ukubwa wa friji ndogo, na yale anayotaka kuyasema yanatoka kwenye spika. Yanapitaje hapo katikati, hakuna anayejua. Wageni waliotuletea mashine walitueleza kwa picha za rangi, na mwishoni mwenzetu mmoja akauliza ni kwa vipi hasa. Wakamwambia ni swali zuri sana. Baadaye nilijifunza kwamba mtaalamu akilisifia swali lako, ujue jibu hana.

Sauti ya mashine ni ya mwanamke mmoja mtulivu, wa aina ile inayokuita benki uende dirishani. Hiyo hiyo ndiyo inayosema nina njaa, nakupenda, na mwambieni jirani anirudishie ngazi yangu. Utaizoea. Ndugu wa mgonjwa hawaizoei, kwa hiyo waeleze mapema, kabla hawajasikia baba yao akilia kwa sauti ya karani.

Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vipya na gauni la kushonesha, nikidhani nakwenda kushika sayansi. Nilipokewa na Mzee Mkude, fundi redio wa Tabata ambaye wageni walimchukua kwa sababu ndiye pekee aliyeweza kuifungua mashine na kuifunga bila kubakiza skrubu. Alinipa kitana na mkasi, akanionyesha mama mmoja aliyekuwa amesukwa vizuri, rasta hadi kiunoni, akasema kofia haiwezi kugusa kichwa juu ya vile vitu. Asubuhi nzima nilifumua nywele. Kazi ya kwanza ya mtu wa kofia ni ususi wa kinyumenyume, na mnaonisoma msiidharau, maana mgonjwa anaweza asijue wewe ni nani lakini kichwa chake kinajua kama una haraka.

Ile jeli ya kupaka kwenye vitufe ilitoka nje ya nchi na iliisha mapema. Mzee Mkude akahamia kwenye mshubiri wa uani kwake. Kata jani, acha ute wa njano udondoke kwanza, kisha tumia ule mweupe. Unafanya kazi vizuri kuliko jeli. Wageni walipouliza siri ya sauti yetu safi, tukawaambia ni unyevunyevu wa pwani, wakaandika.

Na msije mkadhani niliajiriwa kwa akili. Niliajiriwa kwa sababu wanawake wa Temeke walikataa kuvuliwa mtandio na Mzee Mkude.

Yeye ndiye aliyenifundisha hodi. Alikuwa akisema kichwa cha mtu ni nyumba yake, huwezi kuingia hivi hivi ukaanza kuuliza maswali. Kila alipomvalisha mgonjwa kofia aliketi, akaweka mikono magotini, akasema hodi, akasubiri. Wakati mwingine spika ilikaa kimya. Wakati mwingine, baada ya muda, ile sauti ya benki ilisema "karibu", na hapo tulijua mwenye nyumba yupo. Mkuu wetu wa kitengo, Dk. Neema, aliona jambo hilo ni la maana kuliko vipimo vyote walivyotuachia wageni. Ni mtu wa Njombe, mwenye kupenda ukweli kuliko usingizi wake. Akalifanya kipimo rasmi. Mgonjwa akikaribisha, yupo. Asipokaribisha, tunajaribu tena kesho. Kikaitwa Kipimo cha Hodi, kikasomwa kwenye mikutano, na watu wa nchi za mbali walikuja kutuona tukibisha hodi kwa wagonjwa.

Miaka hiyo ilikuwa mizuri, nasema bila kificho. Nilimsikia babu mmoja akimtaka radhi mkewe kwa jambo ambalo mkewe alikuwa amelisahau. Nilimsikia kuli wa sokoni Tandale, aliyeangukiwa na magunia, akisema kisigino, kisigino, wakati sote tulikuwa tunahangaika na kichwa chake. Mke hakujua kisigino kina nini, wauguzi hawakujua, mie sikujua. Nikainua mguu, nikakuta kidonda cha kulala kimeanza kuoza chini ya soksi. Mkumbukeni huyo kuli, nitamtaja tena.

Kisha ikaja ile asubuhi. Nilifika mapema kabla ya wenzangu. Mashine ilikuwa imesahauliwa ikiwaka tangu jana, na kofia ilikuwa pale tunapoiwekaga, juu ya sufuria lililopinduliwa ili isipoteze umbo. Nikafungua mlango, nikasema hodi kwa mazoea tu, kama unavyobisha hata kwenye nyumba unayojua haina mtu. Spika ikasema, "Karibu."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nikarudi, nikabisha tena, nikakaribishwa tena. Sufuria lile nililinunua mwenyewe, na nina hakika halijawahi kupata kiharusi.

Nilimweleza Dk. Neema nikitegemea atacheka. Hakucheka. Aliufunga mlango, akanitaka nirudie, kisha akajaribu yeye. Akakaribishwa. Tukamwita mlinzi, mfagizi, na mama anayetuletea chai. Wote walilibishia hodi sufuria na wote wakapokewa vizuri. Mhandisi mmoja mgeni alikuwa ndio kwanza ameshuka kwenye ndege, hajui neno la Kiswahili. Tukamfundisha kutamka hodi bila kumwambia maana yake. Akasema, na spika ikanyamaza. Akasema tena, kimya. Alikaa nasi msimu mzima wa masika, akila ugali na dagaa na kuingia nyumba za watu. Siku ya kuaga, akiwa mlangoni, akabisha kwa mazoea, sufuria likamkaribisha. Alifurahi sana, hadi alipoelewa.

Hakuna mtu wa huku anayesikia hodi asijibu moyoni, hata akiwa ndiye aliyebisha. Mashine ilikuwa inausikia moyo huo. Ilisikia kichwa kilichovaa kofia, lakini pia, kwa namna ambayo wageni walisema haiwezekani kisha wakasema kinadharia inawezekana, ilimsikia aliyekaa karibu. Si kila mara. Ilimsikia zaidi yule aliyekuwa anataka sana jibu. Na sisi kila asubuhi tulikuwa tunaketi kando ya kitanda, mikono magotini, tunataka sana jibu.

Mzee Mkude alikuwa amekwisha kustaafu. Nilimfuata Tabata nimweleze mwenyewe kabla hajayasikia kwa watu. Nilimkuta barazani na solda yake, anatengeneza redio ya jirani. Nikamwamkia, nikakaa, nikamsimulia yote, la sufuria na la mhandisi. Aliendelea kuchomea.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo nilikuwa najikaribisha mwenyewe," alisema.

Nikamwambia hatujui, pengine mara nyingine ni wao. Akaniuliza kuhusu binti mdogo wa Mbagala. Nilikuwa simkumbuki, akanikumbusha: yule aliyemwambia baba yake kupitia kofia kwamba hasikii maumivu, akafariki siku ile ile. Yeye Mkude ndiye aliyekaa naye.

"Nilikuwa nataka asiwe na maumivu," alisema. "Nilitaka kuliko hata baba yake."

Akaiweka solda chini na hakuishika tena hadi nilipoondoka. Njia nzima ya kurudi nililia, na sikujali nani ananitazama. Nilimlilia yule binti, na nililia kwa sababu mtu huyu alinifundisha adabu ya kuingia kichwani mwa watu na nimekwenda kumwambia kwamba pengine hakuingia hata kimoja.

Kitengo kiliwaita ndugu wa wagonjwa wa zamani kuwaeleza. Wengi hawakuja. Waliokuja, baadhi walitutukana, na walikuwa na haki. Mama mmoja wa Mbezi Beach, mjane, mwenye miwani mikubwa ya jua, alitusikiliza hadi mwisho akasema hilo alikuwa analijua. Tukamuuliza alijuaje. Akasema mume wake ndani ya kofia alikuwa akikubali kila anachoambiwa, na mume wake nje ya kofia hajawahi kukubali kitu.

Watu waliuliza kwa nini basi hatukufunga. Dk. Neema aliwajibu kwa kisa cha kuli wa Tandale. Hakuna mtu chumbani aliyejua habari ya kisigino isipokuwa mwenye kisigino. Kwa hiyo kuna mtu anasema humo, alisema. Tunachokosa ni kujua lini ni mgonjwa na lini ni sisi. Aliweka taratibu mpya. Ndugu wakae nje, swali liulizwe na mtu asiyejua habari, asiyetaka chochote. Nikamwambia mtu asiyetaka chochote simjui, labda tulitumie lile sufuria. Alilifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Sasa nifike kwa Bi Tatu, maana ndiye hasa niliyetaka kuwaandikia, na hayo mengine yote nimeyaeleza ili mumwelewe.

Bi Tatu aliletwa kwetu nikiwa nimebakiza muda mfupi kazini. Alikuwa mwenyeji wa Temeke, wa zile familia zilizokuwapo kabla ya barabara. Kiharusi kilimchukua upande mmoja wa mwili na ulimi wote. Wodini walishasema moyo umechoka na wasitegemee mengi. Binti yake, Saida, ndiye aliyekuwa akimuuguza, akimgeuza, akimpaka mafuta na kumsomea Yasini. Saida alinivuta kando akaniambia hajaja kwa ajili yake. Yeye na mama yake hawadaiani neno. Amekuja kwa ajili ya kaka yake, Idrisa, anayetaka radhi ya mama kabla mama hajaondoka.

Akanipa kisa chote. Idrisa ni mpishi katika hoteli moja ya Mbezi Beach. Alikuwa amegombana na baba yake kwa jambo dogo, la mwanamke wa kuoa, na wakawa hawasemezani. Baba akaugua ghafla. Mama akampigia Idrisa simu usiku na mchana aje, baba anamuulizia. Idrisa aliiona simu ikiita. Akadhani ni ugomvi ule ule, akaiacha iite. Baba alikufa akimtazamia mlangoni. Na siku ya matanga, Idrisa alipotokea, Bi Tatu alisimama kwenye mkeka mbele ya majirani akamwambia, sina radhi nawe. Tangu hapo Idrisa alikuwa akileta vitu kwa Saida na Bi Tatu akivirudisha. Hakukanyaga ndani tena hadi mama alipoanguka.

Kwa wenzangu vijana wanaoona haya ni mambo ya kizamani: nilimwona Idrisa. Mtu mzima, mvi zimeanza, alama za mafuta ya moto mikononi. Alitaka neno moja kama mtu wa kwenye saumu anavyotaka maji, na hapakuwa na mtu mwingine duniani mwenye neno hilo.

Siku ya kwanza tulimruhusu aingie, kwa kuwa Saida aliomba. Akaniamkia, akasimama miguuni pa kitanda, hakusogea mbele ya hapo. Bi Tatu alikuwa amelala ubavu, macho nusu, kofia kichwani. Idrisa akasema, "Mama, ni mie Idrisa. Nimekuja kuomba radhi."

Spika ikakaa. Kisha ile sauti ya benki, taratibu, bila haraka yoyote, ikasema, "Sina radhi nawe."

Idrisa akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa chakula alichoagiza. Hicho ndicho kilichonishtua. Saida aliushika mdomo wake. Idrisa alishukuru, akanishukuru na mie, akatoka.

Dk. Neema aliisikiliza ile rekodi, na kesho yake akafanya alichopaswa kufanya. Idrisa alipelekwa ng'ambo ya barabara akanywe chai, Saida pia akatolewa. Tukamwita muuguzi wa zamu asiyejua habari za familia ile, akasoma swali kutoka kwenye karatasi: mtoto wako anaomba radhi, unasemaje. Kimya. Akasoma tena baada ya muda, kimya. Tukamrudisha Idrisa. Hakuwahi hata kumaliza kuuliza. "Sina radhi nawe."

Tukajaribu tena siku nyingine, ikawa vile vile. Dk. Neema akamketisha Idrisa ofisini, nami nikiwapo, akamweleza polepole kuhusu sufuria, kuhusu hodi, kuhusu mashine kumsikia anayetaka sana. Akamwambia inawezekana kabisa yale maneno si ya mama. Inawezekana ni yake mwenyewe, yamekaa moyoni mwake tangu matangani, na mashine inamsomea.

Idrisa alimsikiliza kwa heshima zote. "Daktari," alisema, "mie nilipokuwa nje mama alinyamaza. Mlitaka aseme na nani? Radhi ni yangu na mie sipo."

 Dk. Neema alizungusha kalamu, akatazama dirishani, akasema, "Ni kweli. Ili nijue ni wewe au ni yeye, inabidi nikutoe. Na nikikutoa, nimetoa pia sababu ya yeye kusema." Akamwomba radhi, yeye daktari, kwa kuwa hana kipimo. Nilikuwa nimemsikia mara nyingi akisema hili hatulijui. Siku ile nilimsikia akisema hili halitajulikana, na nikaona usoni pake kwamba ni vitu viwili tofauti.

Basi Idrisa akawa anakuja kila alasiri akitoka kazini. Anasimama pale pale miguuni, anauliza, anajibiwa yale yale, anashukuru, anaondoka. Dk. Neema alitaka kumzuia, kisha akasema hana sababu ya kisayansi ya kumzuia. Mie nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Kama ni mama, basi ni ukatili kwa mtu aliyekwisha kujutia. Kama ni yeye, basi alikuwa anakuja kwetu kila siku kujichapa na sisi tunamshikia fimbo. Saida alimwambia siku moja mlangoni, mbele yangu, "We kaka, unajipiga kwa mkono wa mama." Idrisa akamjibu kwamba afadhali huo kuliko kukosa mkono wowote.

Hakuwahi kumgusa mama yake siku hizo zote. Nilimpa nafasi, nikajifanya naangalia nyaya. Alikuwa akiutazama mkono wa Bi Tatu uliokuwa juu ya shuka na kubaki pale pale alipo.

Alasiri ya mwisho ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya joto, lile joto la Temeke kabla ya mvua. Idrisa alitoka moja kwa moja kwenye harusi kubwa iliyopikiwa hotelini kwao, hajalala. Saida alimwambia akae kidogo, mama anabadilishwa shuka, na yeye akaenda kuswali. Tulipomaliza shuka nikamvalisha Bi Tatu kofia, nikawasha, nikaanza kukagua vitufe kimoja kimoja, kazi ya kawaida. Nilipogeuka, Idrisa alikuwa amelala kwenye kiti cha plastiki. Shingo imelala begani kama imekatwa, mdomo wazi, mikono yake ya mafuta ya moto imening'inia. Alikuwa anakoroma kidogo.

Spika ikasema, "Mpeni mtoto mto wangu."

 Chumbani tulikuwa watatu: mmoja hasemi, mmoja amelala, na mie. Hakuna aliyeuliza swali.

Niwaeleze hapa jinsi nilivyojihoji, kwa sababu na nyie itawakuta. Inawezekana ilikuwa ni mie. Nina watoto, na nilikuwa nimemwonea huruma yule mtu kwa siku nyingi. Lakini mgonjwa wa kiharusi hanyang'anywi mto. Hilo lilikuwa kwenye damu yangu kabla wengine wenu hamjaanza shule, na chumba kile kilikuwa na mto mmoja tu, ule uliokuwa chini ya kichwa cha Bi Tatu. Kama ningewaza, ningewaza kutuma mtu wodini akalete mwingine. Inawezekana pia ilikuwa ni Idrisa mwenyewe, kaota, maana shingo ikiuma mtu huota mto. Lakini mtu wa umri ule, anayejiona vile anavyojiona, angejiita mtoto? Dk. Neema alinijibu baadaye kwamba ndotoni kila mtu ni mtoto. 

Lakini hayo niliyawaza baadaye. Wakati ule niliitii sauti. Nilivua khanga yangu ya mabegani, nikaikunja mara nne, nikakinyanyua kichwa cha Bi Tatu, nikavuta mto nikaweka khanga. Macho yake yalikuwa nusu kama siku zote. Nikaupeleka mto kwa Idrisa, nikauingiza kati ya shavu na bega. Ndipo alipoamka.

Aliushika, akauangalia, akamwangalia mama yake na ile khanga yangu, akaniuliza nani kamwekea. Nikamwambia yote kama yalivyo: maneno yaliyosemwa, na kwamba sijui ni ya nani. Nikamwambia huenda ni mama, huenda ni yeye kaota, huenda ni mie nimemhurumia, na kwamba hata tungemwita daktari asingetutenganisha.

Hakuuliza ni ya nani. Aliuliza jambo jingine.

"Ilisema mtoto?"

Nikamwambia ndiyo, ilisema mtoto.

Akasimama na ule mto. Akafika pale miguuni pa kitanda anaposimamaga, akapapita. Akaenda hadi kichwani, akaingiza kiganja chini ya kisogo cha mama yake taratibu, kama anayeinua yai, akaitoa khanga yangu, akaurudisha mto mahali pake. Kisha hakuutoa mkono. Aliuacha pale, kati ya mto na kichwa, na nyaya zangu zikimlalia kwenye vidole. Alikuwa analia bila sauti. Na mie pia nililia.

Nikaona anavuta pumzi na kufungua mdomo. Nililijua swali lake, nilikuwa nimelisikia kila alasiri. Ningeweza kusubiri nisikie mashine itajibu nini mara hii, na kwa upande wa sayansi ilikuwa nafasi ambayo haitarudi. Nikanyoosha mkono nikaizima.

Kwenye taarifa ya siku kuna mahali pa kueleza kwa nini usikilizaji umekatishwa. Niliandika umeme ulikatika. Dk. Neema, ambaye ofisi yake iko ukuta wa pili na feni yake ilikuwa imezunguka mchana kutwa, aliisoma akasaini.